Mgeni na Mwenyeji wa Vijito vya Milimani: Kazi Inayozisubiri Shule za Sekondari

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, ndege mdogo mwenye mkia mrefu huwasili katika vijito vya milima ya Afrika Mashariki. Huja pasipo kundi kubwa wala kelele, akatua juu ya jiwe lililozungukwa na maji yaendayo kasi, na papo hapo akaanza kuuchezesha mkia wake juu na chini kana kwamba hawezi kuuzuia. Mgongo wake ni wa kijivu, na chini ya mkia ana rangi ya manjano iliyokolea. Wachotao maji humwona, wafuao nguo humwona, na wanafunzi wavukao kijito asubuhi kwenda shule humwona. Hata hivyo ni nadra kumkuta ameandikwa katika daftari la shule pamoja na tarehe ya kufika kwake na tarehe ya kuondoka kwake.

Upungufu huo waweza kuonekana kuwa jambo dogo. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba si dogo, na kwamba shule yoyote ya sekondari iliyo karibu na kijito cha milimani inao uwezo wa kuuondoa kwa kalamu, daftari na saa moja ya kila juma.

Ndege mwenyewe

Wataalamu humwita Motacilla cinerea. Katika kurasa hizi ataitwa mtikisamkia wa kijivu. Urefu wake, tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni sentimita 18 au 19, na karibu nusu ya urefu huo ni mkia. Uzito wake ni gramu 18 hivi. Ingehitajika kuweka ndege zaidi ya 50 kwenye mizani ili kupata kilo moja. Huzaliana katika nchi nyingi za Ulaya na Asia, kando ya vijito vyenye mawe na maji ya kasi. Majira ya baridi yanapokaribia huko, wadudu hupungua, na ndege huyu hana budi kutafuta riziki kwingineko. Baadhi hubaki Ulaya ya magharibi ambako baridi si kali sana, wengine huenda Asia ya kusini, na wengine husafiri hadi Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Hukaa huku tangu Oktoba hivi hadi Machi, kisha hurudi. Kwa hiyo karibu nusu ya maisha yake huyapitisha katika nyanda za juu za Afrika, naye hupungua kadiri mtu anavyoelekea kusini.

Kumtambua si kazi ngumu, lakini yataka uangalifu, kwa sababu ana ndugu kadhaa wanaofanana naye. Wa kwanza ni mtikisamkia wa manjano, Motacilla flava, ambaye naye ni mgeni kutoka kaskazini. Huyu hufuata ng'ombe malishoni kwa makundi makubwa, mgongo wake una ukijani, mkia wake ni mfupi zaidi, na miguu yake ni myeusi. Miguu ya mtikisamkia wa kijivu ina rangi ya hudhurungi hafifu inayoelekea waridi, na alama hiyo ya miguu hutatua mashaka mengi. Wa pili ni yule mweusi na mweupe, Motacilla aguimp, aliyezoea kukaa karibu na nyumba za watu na kutembea juu ya mapaa ya mabati. Wa tatu ni Motacilla capensis, mwenye rangi iliyofifia ya kahawia na kijivu na utepe wa rangi nzito kifuani. Hawa wawili hawana manjano chini ya mkia kama ya mgeni.

Wa nne ndiye mwenye maana kubwa katika hoja hii. Ni mtikisamkia wa milimani, Motacilla clara, ambaye ni mzaliwa wa Afrika na hahamii Ulaya wala Asia. Juu ana kijivu cheupecheupe, chini ni mweupe, na kifuani ana mstari mwembamba mweusi. Dume na jike huishi pamoja, wakishika kipande chao cha kijito na kukilinda mwaka mzima. Mara nyingi mgeni na mwenyeji huyu huonekana kwenye kijito kimoja, wakiokota wadudu kwenye mawe ya namna moja.

Elimu iliyokaa upande mmoja

Historia ya elimu ya ndege wahamao inaonyesha wazi gharama ya kutazama upande mmoja tu. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walibishana mahali ndege wao wanakokwenda wakati wa baridi. Wapo waliosadiki kwamba mbayuwayu hujificha ndani ya tope chini ya maziwa. Mwaka 1822 korongo mmoja alipigwa risasi karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akakutwa na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 80 hivi umemchoma shingoni. Alikuwa ameruka nao kutoka Afrika hadi Ulaya. Mwili wake uliokaushwa ungali umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Jawabu la swali la Ulaya lilitoka Afrika, na lilifika kwa bahati tu, kwa kuwa hapakuwa na njia ya watu wa pande mbili kupashana habari.

Njia hiyo ilibuniwa na mwalimu wa shule. Mwaka 1899 Hans Christian Cornelius Mortensen, aliyekuwa akifundisha mjini Viborg, Denmark, aliwavisha ndege miguuni pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Yeyote aliyempata ndege huyo mahali pengine aliweza kutuma habari. Mpango huo wa mwalimu mmoja ulienea duniani kote, na hata sasa pete ni chombo muhimu katika elimu ya ndege wahamao.

Katika Afrika Mashariki jina lisiloweza kupitwa ni la Reginald Moreau. Hakuingia katika elimu hii kwa njia ya chuo kikuu. Alianza kama mtu wa hesabu katika ofisi ya jeshi la Uingereza huko Misri. Tangu mwaka 1928 alifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na huko alichunguza ndege kwa miaka mingi. Alisaidiwa na Waafrika waliozijua sauti na tabia za ndege wa misitu ile, miongoni mwao Salimu Asmani, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na mtaalamu wa wanyama Arthur Loveridge. Kitabu kikuu cha Moreau juu ya ndege wahamao kati ya kaskazini na Afrika kilitolewa mwaka 1972, baada ya kufa kwake. Alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 huingia Afrika kila mwaka kutoka kaskazini. Mwaka 2009 wataalamu wengine walifanya hesabu mpya, wakapata ndege bilioni 2.1 wanaotoka Ulaya.

Haifai kutoa namba moja katika nyingine na kusema kwamba ndege karibu bilioni 3 wametoweka, maana hesabu hizo mbili hazikupima kitu kile kile wala eneo lile lile. La kuzingatia ni jambo jingine. Kwa sehemu kubwa hesabu zote mbili zilianzia kwa ndege waliohesabiwa wakizaliana kaskazini, na si kwa ndege waliohesabiwa walipofika Afrika. Yaani, hata katika swali la ni ndege wangapi waingiao Afrika, shahidi aliyeulizwa zaidi ni yule aliye ng'ambo.

Si kwamba hakuna lililofanyika huku. Tangu mwaka 1969, kwenye vilima vya Ngulia katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ndege wahamao wanaovutwa na taa katika usiku wa ukungu wamekuwa wakinaswa, wakivishwa pete na kuachiliwa. Idadi yao sasa ni mamia ya maelfu. Atlasi ya ndege wa Kenya ilichapishwa mwaka 1989, na Tanzania nayo ina mradi wake wa atlasi ulioanza katika miaka ya 1980. Lakini kituo kimoja hakiwezi kueleza habari za vijito vyote, na atlasi hujengwa kwa taarifa za watu waliopo mahali. Mwenye nafasi ya kupita kwenye kijito kile kile kila juma, mwaka baada ya mwaka, ni mtu anayeishi kando yake.

Kwa nini wahesabiwe wawili

Mtikisamkia wa kijivu si ndege aliye katika hatari ya kutoweka. Ameenea sana duniani, na hoja ya kumhesabu haitegemei uhaba wake. Thamani yake kwa mwanafunzi inatokana na kukaa kwake pamoja na mwenyeji.

Tuseme shule imehesabu ndege wote wawili kwa miaka sita. Katika mwaka wa saba mgeni haonekani, lakini mwenyeji yupo na analea makinda kama kawaida. Katika hali hiyo yafaa kushuku kwamba sababu iko mbali: katika nchi alikozaliwa, au njiani. Lakini endapo mgeni amepungua na mwenyeji naye amekihama kijito, shaka kubwa huangukia kijito chenyewe, kwa kuwa mwenyeji hana nchi nyingine ya kulaumiwa. Na kama mwenyeji ametoweka huku mgeni akiendelea kuja, hilo nalo ni swali zuri: mwenyeji anahitaji mahali pa kujenga kiota, mgeni anahitaji chakula tu, je, ni kingo na miti ya kando iliyoharibiwa, ilhali wadudu wamesalia? Hivyo kila mmoja huwa kipimo cha mwenzake. Hii ndiyo maana ya ulinganishi katika sayansi, na hapa umetolewa na maumbile bila maabara.

Ni lazima kusema wazi kwamba kipimo hiki si kamili. Mtikisamkia wa kijivu awapo safarini au katika majira ya baridi huweza kula hata kando ya madimbwi na mitaro michafu; kuonekana kwake siku moja hakuthibitishi kwamba maji ni safi. Kwa sababu hiyo ndege peke yake hatoshi. Hapana budi mwanafunzi ainame na kugeuza jiwe.

Chini ya jiwe

Chini ya mawe ya kijito chenye afya huishi mabuu ya wadudu wa namna nyingi. Wengine ni bapa na hushikilia jiwe kwa makucha ili wasichukuliwe na mkondo. Wengine hujijengea ala ya changarawe na vijiti, wakaishi ndani yake. Wakikomaa hutoka majini na kuruka, na hapo ndipo mtikisamkia huwadaka. Mabuu hayo hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Sasa, maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 10 za Selsiasi huweza kuwa na miligramu 11 hivi za oksijeni. Yafikapo nyuzi 25 huwa nazo 8 hivi. Mlimani kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo kiasi hicho hupungua zaidi, na ndiyo sababu ubaridi wa maji na mapovu ya mkondo unaogonga mawe ni vitu vya lazima kwa uhai.

Miti ya kando ikikatwa, jua huyapiga maji, na joto hupanda. Ukingo ukilimwa, mvua huteremsha udongo unaojaza nafasi kati ya mawe ambamo mabuu huishi. Dawa za kuulia wadudu zikioshwa kutoka bustani za mboga, huwaua wadudu wa majini kama ziuavyo wale wa majani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imelinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli za kudumu ziwezazo kuyadhuru mazingira ya mto huo. Lakini sheria haina macho. Inahitaji mtu awezaye kusema kijito kilikuwaje mwaka jana na kikoje mwaka huu, na asemaye hivyo akiwa na daftari husikilizwa kuliko asemaye kwa kukisia.

Wala jambo hili si la watu wa milimani pekee. Mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki, huwapa maji watu wa Tanga. Mto Ruvu, wenye chanzo katika milima ya Uluguru, huwapa maji watu wa Dar es Salaam. Jiwe lililofunikwa na tope huko juu ni habari ya bomba huko chini.

Hoja za wasiokubali

Wapo watakaosema kwamba muhtasari wa masomo umejaa, na mtihani hauulizi habari za mtikisamkia. Ni kweli kwamba mtihani haumtaji. Lakini huuliza juu ya mtiririko wa chakula, mabadiliko ya viumbe kulingana na mazingira, umumunyifu wa gesi, majira na pepo, wastani na grafu. Mambo hayo yote yako kwenye kijito kimoja, na mwanafunzi aliyeyakusanya kwa mkono wake hayasahau upesi kama yule aliyeyanakili ubaoni.

Wengine watasema kwamba hesabu za wanafunzi haziwezi kuaminiwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake yajulikana: kufuata utaratibu ule ule kila mara, na kuandika shaka kuwa shaka. Mwaka 1900 hesabu ya ndege ya siku ya Krismasi ilianza Amerika ya Kaskazini kwa watu 27 tu, aghalabu wapenda ndege wa kawaida. Imeendelea kila mwaka tangu hapo, na sasa wataalamu huitegemea kueleza mabadiliko ya zaidi ya karne nzima. Hesabu ile ilipata nguvu kwa kutokatika.

Wa tatu watauliza faida ya kumhesabu ndege asiyeliwa, asiyeharibu mazao, na ambaye, zaidi ya hayo, si wa huku. Neno hilo la mwisho ndilo linalohitaji kukanushwa kwa nguvu. Ndege anayekula, kulala na kubadili manyoya kando ya kijito kwa karibu nusu ya mwaka hawezi kuitwa wa huko peke yake. Wanaomwita mali ya Ulaya au Asia hufanya hivyo kwa sababu huko ndiko alikoandikwa. Mahali palipo na daftari ndipo panapohesabiwa kuwa kwao.

Daftari lenyewe

Utaratibu ni mwepesi. Shule ichague kipande cha kijito chenye urefu wa kilomita moja, kisibadilishwe tena. Kila Jumamosi asubuhi, saa ile ile, wanafunzi wawili au watatu wapite polepole kando yake pamoja na mwalimu. Waandike tarehe, saa, hali ya hewa, joto la maji kama kipimajoto kipo, na iwapo maji ni maangavu au yana tope. Waandike idadi ya kila aina ya mtikisamkia, na mahali alipoonekana. Mara moja kwa mwezi wageuze mawe kumi, wahesabu aina za mabuu, kisha warudishe kila jiwe jinsi lilivyokuwa. Darubini husaidia sana, lakini si sharti. Ndege huyu hujitangaza kwa mlio mkali wa silabi mbili fupi arukapo, na kwa urukaji wake wa kupanda na kushuka kama mawimbi.

Mambo matatu yasisahauliwe. La kwanza, siku ambayo ndege hakuonekana nayo iandikwe, kwa maana sifuri ni namba, na bila sifuri hakuna awezaye kujua mgeni alifika lini wala aliondoka lini. La pili, ndege asinaswe wala asipigwe manati. Kuvisha pete ni kazi ya wenye mafunzo na kibali. La tatu, wanafunzi wawaulize wazee wa mahali jina la ndege huyu kwa lugha ya nyumbani, na majira wanayomkumbuka, kisha wayaandike majina hayo pamoja na ya Kilatini. Elimu ya watu kama Salimu Asmani ilianzia kwenye masikio yaliyofunzwa kijijini, na mengi ya namna hiyo hayajaandikwa popote.

Daftari la mwaka mmoja litaeleza machache: tarehe mbili na hesabu kadhaa. La miaka mitano litaonyesha kama mgeni hufika mapema au huchelewa, na iwapo tarehe hizo zafuatana na mvua. La miaka kumi litakuwa ushahidi ambao hakuna maabara iwezayo kuutengeneza upya, kwa kuwa mwaka uliopita bila kuandikwa haurudi. Yapo pia maswali ambayo hata wataalamu hawajayamaliza. Sababu ya ndege hawa kutikisa mkia ingali yabishaniwa: wengine wanadhani ni ishara ya kumwambia adui kwamba ameonekana, wengine wana maoni mengine. Mwanafunzi mwenye saa na subira aweza kuhesabu mitikiso kwa dakika ndege anapokula na anapotazama juu, akapata la kusema katika ubishi huo.

Mwalimu atakayeanza asingoje vifaa. Mgeni hufika Oktoba hivi. Inatosha daftari liwe limepigwa mistari mwishoni mwa Septemba, na majuma mawili au matatu ya sifuri yawe yamekwisha kuandikwa kabla hajatua.